Kijiti Juu ya Paa la Baba

Mimi ni mwoga, na sioni aibu kulisema. Naogopa radi, naogopa fahali, naogopa simu inayolia kabla sijaamka. Kwetu Kenyamonta hilo ni jambo la kuchekwa, maana watu wa kwetu hujisifia ujasiri hata mbele ya mng'oa meno. Nikiwa mdogo wenzangu walinitania kwamba nitafute mapema mume wa kunilinda na jogoo. Mama ndiye aliyenitetea. "Mwacheni," alikuwa akisema. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Shujaa mmoja alinitosha."

Shujaa mwenyewe alikuwa baba yangu. Sikuwa nimeanza shule ng'ombe wetu walipoibwa na wanaume wakatoka kufuata nyayo, kama ilivyo desturi. Walifuata mpaka ng'ambo ya Machochwe, mahali mashamba yanapokoma na pori la hifadhi linapoanza. Huko nyayo ziligawanyika. Baba akasema yeye atafuata za kushoto, wenzake wafuate za kulia. Wenzake walirudi, na baadhi ya ng'ombe walirudi. Baba hakurudi. Haukuonekana mwili, wala shuka lake, wala fimbo.

Hapa lazima nieleze jambo moja la ukoo wetu, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Nyumba ya mwenye mji, mkuu wa boma, ile ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, ilikuwa na kijiti kilichochomoza kileleni, pale nyasi zote zinapokutana na kufungwa. Kijiti kile kilisema kwamba mwenye nyumba yu hai. Akifa, ndugu yake wa kiume hukishusha kwa mkono wa kulia na kukitupa nje ya ukuta, na hapo ndipo kilio kinapoanza na mke ananyolewa nywele. Kabla kijiti hakijashuka hakuna mjane. Na mtu akishaliliwa, basi. Hata akitokea siku ya pili akiwa mzima, anacheka na ana njaa, hapiti tena langoni. Lango ni la walio hai.

Mama hakuogopa ujane. Aliogopa hilo la lango.

Ndiyo maana hakuruhusu mtu yeyote apande juu ya paa. Masika yalikuja na kuondoka, kijiti kipo, mpaka mchwa walipomaliza nguzo ya kati na nyumba ikalala chini yenyewe, mchana kweupe, sisi tukiwa shambani tunapalilia mtama. Wazee wa ukoo walikuja wakakaa, wakajadiliana, wakashindwa. Mama aliwaambia, "Hakuna aliyekishusha. Mtashushaje kitu ambacho kiko chini?" Wakaondoka wakitikisa vichwa. Mama akajenga nyumba ndogo ya bati pembeni, akaendelea kuwa mke wa mtu. Mawe ya ule ukuta wa zamani, ambao babu wa babu zetu waliujenga kuzunguka mji wote kwa ajili ya kujikinga na wavamizi, yalichukuliwa kidogo kidogo. Mengine yako kwenye msingi wa shule, mengine kwenye daraja la kijito. Kilichobaki ni duara la mawe lisilofika magotini, na mbuzi wanaliruka bila kufikiri.

Mimi nilikua, nikasoma, na sasa nachora nyumba kwa kompyuta mjini Mugumu. Nimepanga kona ndani ya karakana ya fundi seremala mmoja Mwislamu, mzee ambaye babu yake alitoka pwani, na ambaye Kiswahili chake kinanifanya nione haya kwa hiki changu. Yeye anatengeneza milango na vitanda, mimi nachora. Watu wanakuja, hata kutoka Nyansurura, wanataka kuiona nyumba yao inazunguka kwenye kioo, ina nguzo na roshani, kabla hawajafyatua hata tofali moja. Kazi haina hatari yoyote. Nimeichagua kwa sababu hiyo.

Kisha kikaja kituo kimoja cha utamaduni. Walitaka nyumba za kale zilizopotea zirudishwe ndani ya kompyuta, watoto wa shule waweze kuzunguka humo na kuona jinsi watu walivyoishi. Waliniuliza kama najua mji wowote wa ukuta wa mawe. Nikasema naujua mmoja.

Nilifurahi, nakiri. Nilikwenda Kenyamonta na simu na futi kamba, nikapiga picha kila jiwe lililobaki, kwa kila upande, mamia kwa mamia, maana kuna programu inayozisoma picha hizo na kuunganisha jiwe kwa jiwe mpaka ukuta unasimama wenyewe kwenye kioo. Ila programu haiwezi kusoma kisichokuwepo. Kwa nyumba yenyewe nilikuwa na picha moja tu, ambayo mwalimu mmoja alimpiga mama zamani, amenibeba mgongoni, na nyuma yake unaonekana mlango na kipande cha paa. Mama nilikuwa naye hai. Nikamsimamisha, nikampima kutoka unyayoni hadi utosini, na kutokana na urefu wake nikaupata urefu wa mlango kwenye picha, na kutokana na mlango nikaupata mwinamo wa paa. Nilipomwambia kwamba yeye ndiye rula yangu alicheka sana. "Kumbe sikuzeeka bure," alisema.

Akaja kukaa kwangu Mugumu ili anisaidie. Kila siku aliketi karakanani kwenye kigoda, amefunga kitenge, vumbi la mbao likimtua kichwani, ananisahihisha. Nyasi haziezekwi hivyo, zinaanzia chini. Mlango ulikuwa mfupi kuliko huo, baba yako aliinama kila mara na kila mara alilalamika. Huo ukuta, hapo nyuma, ulikuwa na tundu la ndama.

"Tundu la ndama ni nini?" niliuliza.

"Tundu dogo chini, ndama wapite wakimbilie mama zao. Likiwa limefunguliwa hata mtu anaweza kutambaa. Mwaka ule wa wizi baba yako aliliziba kwa mawe. Lichore limezibwa."

Nikalichora limezibwa.

Siku ile nilipomaliza paa, nilimzungushia nyumba yote taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto mchanga mikononi. Mama alitazama bila kupumua. Halafu akakunja uso.

"Hapo juu mbona pana upara?"

Nilijua anamaanisha nini. Nilikuwa nimeacha makusudi. Nikamwambia, "Mama, hii ni ya maonyesho tu. Haina haja."

"Haina haja? Unamjengea baba yako nyumba, unaiacha na kichwa kama cha mjane? Weka kijiti."

"Mama, naogopa."

"Unaogopa nini? Wewe unaogopa hata jogoo. Weka."

Nikaweka. Ni kitu kidogo tu, mcheduara mwembamba, kazi ya kubofya mara mbili. Lakini kilipokaa pale kileleni nilisikia baridi shingoni, nikageuka kuangalia mlango wa karakana kana kwamba mtu ameingia. Hapakuwa na mtu. Mama aliweka mkono mdomoni akapiga kigelegele chembamba, cha ndani kwa ndani, fundi akaacha randa akauliza kama kuna harusi. Jioni hiyohiyo mama alimpigia simu jirani yake, na huyo jirani akapigiana na mwingine. Maneno yalikuwa yaleyale. "Nyumba ya mume wangu imesimama tena."

Wale wa kituo walipenda picha ile kupita kiasi. Wakaichapa kwenye bango kubwa, wakalipeleka Kenyamonta siku watu walipokusanyika kwenye kata. Mama alikuwa amesharudi nyumbani. Alisimama mbele ya bango lile mchana kutwa, amevaa nguo zake za kanisani, akimwonyesha kila mpita njia mlango, paa, na kijiti. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na mimi huwa nasema wahenga walikuwa na mama kama wangu.

Pikipiki ya baba mdogo naijua kwa mlio. Ni mdogo wake baba, tumbo moja, na pikipiki yake ina kikohozi. Niliisikia inaingia uani kwa fundi nikajua hakuja kwa salamu tu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe nyumba ya kaka."

Nikamfungulia. Alivua kofia. Aliitazama kwa muda mrefu, na nilipomsogeza karibu na mlango akanyoosha kidole bila kukigusa kioo. "Kizingiti hicho. Hapo ndipo nilipoanguka nikavunja jino. Kaka alinibeba."  Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuipenda, "Na kijiti kipo?"

"Kipo."

"Basi kaka anaweza kulazwa."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilishika ukingo wa meza.

Binti wa baba mdogo anaanguka kifafa. Ukoo mzima unajua. Juzi yake alikuwa ameangukia jikoni, mkono ukaingia motoni. Wazee walikuwa wamemwambia baba mdogo siku nyingi kwamba kaka yake hajalazwa, maana hajaliliwa, yuko njiani tu huko, hana kwake kwa walio hai wala kwa wafu, na anayetangatanga hivyo hushika watoto. Lakini walikuwa hawana la kufanya kwa sababu nyumba haikuwepo na kijiti hakikuwepo. Hiyo ndiyo ilikuwa ngome ya mama miaka yote. Na mimi, kwa mkono wangu, kwa agizo lake, nilikuwa nimeivunja kwa kuijenga.

"Baba mdogo, dawa anameza?" niliuliza.

"Anameza kila siku. Kliniki sijakosa. Daktari amesema nisiache na siachi, mimi si mjinga." Akaizungusha kofia mikononi. "Lakini nikimwona anatetemeka pale chini, mwanangu, naogopa sana. Unadhani huo woga wako uliutoa wapi? Kwa baba yako?"

Ningeweza kumchukia kama angekuja kwa ubabe. Alikuja akiwa ameogopa kuliko mimi. Alisema wazee watafika kwa mama Jumamosi na niende na kompyuta.

Alipoondoka sikuweza kufanya kazi. Kila nikishika kipanya nakiona kile kijiti. Fundi alinitazama, akaweka msumeno chini, akaniuliza mbona sichori. Nikamweleza yote. Kisha nikamwambia nimepata njia. Nitawaambia kompyuta imeharibika na nyumba imefutika yote.

Fundi alifikiri. "Na kama imefutika, kijiti kitakuwa kimekwenda wapi?"

"Kitakuwa kimefutika nacho."

"Na nani atakuwa amekifuta?"

 Wangesema ni mimi, binti, nimekishusha kwa mkono wangu, bila ndugu yake, bila kilio. Ingekuwa mbaya zaidi, kwa mama na kwa yule mtoto. Fundi akanitilia kahawa akasema Mungu ni mkubwa, nami nikajua hana njia nyingine ya kunipa.

Nilimpigia mama. Nilidhani atalia. Alicheka! "Waje," alisema. "Nitawaambia picha hailazwi. Tangu lini watu wakalia msiba wa picha? Wewe njoo tu, na usile njiani ukatapika kwa hofu." Nilijipa moyo kwa kicheko kile siku zilizobaki. Usiku nilikuwa silali vizuri, nikisinzia naona mtu amesimama nje ya ukuta wa mawe na mimi ndiye ninayeshikilia lango.

Jumamosi jua lilikuwa kali, kioo hakionekani nje, kwa hiyo tukaingia ndani kwa mama. Sebule ni ndogo. Nikaiweka kompyuta juu ya meza, kwenye kitambaa chake alichofuma kwa mkono. Wazee walikuwa watatu, na aliyezungumza ni mmoja, mkubwa wa ukoo, mzee mwembamba mwenye macho yanayotoa machozi kwa uzee. Baba mdogo alikaa karibu na mlango. Mama alikaa na mikono yake mapajani, shingo imenyooka. Niliwasha. Nyumba ikatokea, ukuta ukiwa kamili, nyasi za paa zikiwa na rangi ya asali, kijiti juu. Mmoja wa wazee alisema "Ee tata!" taratibu, kama mtu anayemwita baba yake.

"Binti," mkubwa wa ukoo aliniuliza, "hii ni nyumba au ni picha?"

Mama alidakia. "Ni picha, tata. Ni mwanga tu. Akizima inaondoka."

"Sikukuuliza wewe, lakini umejibu vizuri. Binti, ulipoimaliza mara ya kwanza ilikuwa na kijiti?"

Nikamtazama mama. Alikuwa ananitazama.

"Haikuwa nacho, babu."

"Nani alisema kiwekwe?"

  Niliisikia saa ya ukutani na kuku akikwaruza nje, na nilitamani sana kuwa kuku.

"Mimi," mama alisema.

"Kwa nini? Picha haina mwenyewe. Picha haihitaji kijiti. Ungeiacha na upara na sisi tusingekuja hapa." Mzee hakupandisha sauti. "Na pale kwenye bango, uliwaambia watu nini?"

Shingo ya mama ililegea. Ni mara ya kwanza kumwona hivyo. Alionekana mzee ghafla.

"Niliwaambia nyumba ya mume wangu imesimama tena."

"Basi imesimama," mzee alisema. Alisema kwa huruma, na huruma ile iliniogopesha kuliko kama angefoka.

 Mama akageuka kwa baba mdogo. "Shemeji, mkono wa mtoto umepona?"

"Bado, shemeji. Vidole viwili vimeshikana."

"Analala?"

"Analala akiwa ameshikwa. Asiposhikwa analia, anauogopa moto hata ukiwa umezimwa."

Mama alitazama kioo mara moja, kileleni. Halafu akasimama, akageuza kiti chake, akakaa akiwa ameupa kioo mgongo, kwa maana mke hatazami kijiti kikishushwa. "Fanyeni," alisema.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka aseme picha hailazwi, kama alivyoniahidi kwenye simu, awafukuze wote kama alivyowafukuza zamani. Hakusema. Baba mdogo alisogea na kigoda mpaka kando yangu, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya kipanya, mkono mgumu wa jembe ambao haukuwahi kugusa kitu cha aina ile. Ulikuwa unatetemeka. Kipanya kikatetemeka nao, na ghafla nyumba yote ikazunguka kwenye kioo ikatugeukia, mlango ukiwa wazi mbele ya nyuso zetu, weusi mtupu ndani. Wazee waliruka nyuma. Mimi nilishika nguo ya baba mdogo. Mtu mmoja alisema jina la Mungu, na naamini ni mimi.

"Ni kipanya tu," nilisema. "Kimeteleza." Sauti haikuwa yangu.

Nikairudisha nyumba mahali pake. Nikakibofya kijiti kikawaka rangi ya chungwa, ndivyo programu inavyoonyesha kitu kilichoshikwa. Nikamwonyesha baba mdogo kitufe cha kufutia. Aliweka kidole. Alisema neno kwa lugha ya kwetu, neno ambalo ndugu humwambia ndugu anapomtakia safari, kisha akabonyeza.

Kijiti kikatoweka.

Hakikutoa sauti. Nadhani sote tulikuwa tunangoja sauti. Mkubwa wa ukoo aliinama akatazama kioo, akatazama chini ya meza, akatazama tena kioo.

"Kimeanguka wapi?" aliuliza. "Anapaswa akitupe nje ya ukuta."

"Hakijaanguka, babu," nilisema. "Hakipo tu."

Na nilipolisema hilo nilimsikia mama nyuma yangu akivuta pumzi, maana ndivyo baba naye alivyotuondokea, bila kuanguka mahali, hakuwepo tu. Kisha akalia. Kilio kile kilikuwa kimekaa ndani yake tangu nikiwa sijui kusoma. Kilitoka na nguvu zake zote, majirani wakaanza kuja mbio, na baba mdogo akapiga magoti sakafuni akalia kama mtoto. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeogopa mno. Nilishikilia meza nikikitazama kilele kile chenye upara na nikasema moyoni, baba, nisamehe, usije.

Baadaye watu walitoka. Wazee walikwenda kupeleka habari kwenye miji mingine ya ukoo, na kesho yake wanawake wangekuja kumnyoa mama. Baba mdogo aliwahi kwa mtoto wake. Tulibaki wawili, na kompyuta bado imewaka juu ya kitambaa. Mama alikuwa ameketi palepale. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Hicho kitu," alisema kwa sauti iliyokauka. "Hakijaenda popote?"

"Hakijaenda popote, mama."

"Kinaweza kurudi?"

Niliogopa kuliko wakati wowote siku ile. Ningeweza kusema hapana. "Kinaweza," nilisema. "Vitufe viwili tu. Hakuna atakayejua."

Aliwaza. Nje kulikuwa na mtoto wa jirani anaimba akichota maji. Vidole vyangu vilikuwa juu ya vitufe vyenyewe, na naapa kama angetikisa kichwa tu ningekirudisha, pamoja na woga wangu wote.

"Usikirudishe," alisema. "Nimeshalia. Acha yule mtoto aote moto kwa amani." Akafuta uso kwa kitenge. "Geuza nyumba. Nionyeshe ukuta wa nyuma."

Nikaigeuza.

"Hapo chini. Lile tundu la ndama."

"Limezibwa, mama. Ulisema mwenyewe nilizibe."

"Nasema lifungue." Alivuta kiti chake akakaa karibu nami, bega kwa bega. "Langoni hapiti tena, sawa, nimekubali. Lakini sijawahi kumsikia mzee yeyote akisema neno kuhusu tundu la ndama."

Nikaanza kuyaondoa mawe, moja moja. Nikakosea, nikarudia. Tundu likaanza kuonekana, na nyuma yake ule uwanja wa ndani, na mlango wa nyumba.

"Ndama wa ukubwa gani?" niliuliza.

Mama akainua mikono yake miwili mbele yangu, akaitenganisha, akaitazama. Akaitenganisha tena kidogo.

"Mabega ya baba yako," alisema.

Nikatoa futi kamba mkobani, nikaipima mikono yake kabla hajaishusha.